Kelele Zimezimwa kwa Nani?

(Maelezo haya yalisomwa redioni katika kipindi chetu cha kila juma. Tunayachapa kwa ajili ya wale ambao hawakupata nafasi ya kuyasikia.)

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayekutana nami katika ukurasa huu, juma hili naomba nianze na kisa cha nyumbani kwangu, ingawa si desturi yangu kuleta mambo ya nyumbani mbele ya hadhara.

Mama yangu mzazi anaishi Nkwenda, Wilaya ya Kyerwa, pamoja na dada yangu. Usiku mmoja alizidiwa. Dada alimpigia mwanawe, yaani mpwa wangu, ambaye anafanya kazi Mwanza na ana marafiki wengi katika mambo ya tiba. Kijana hakuzembea. Alimtafuta daktari anayemfahamu, akaelezwa kwamba mgonjwa apelekwe Nyakahanga, na kwamba watampokea mara tu atakapofika. Akampigia mama yake kutoka stendi ya mabasi, akiwa amevaa masikioni zile hedifoni za kisasa zinazozima kelele. Alisema maneno yake kwa utulivu, akakata simu, akapanda basi.

Dada yangu akakodi gari, akampeleka mama Nyakaiga.

Kwa asiyeifahamu Karagwe nieleze kwamba Nyakahanga kuna hospitali na Nyakaiga kuna hospitali, na ni mahali pawili tofauti. Huko Nyakaiga walimpokea vizuri na kumhudumia, sina lawama. Lakini saa za usiku zilipotea kwa kutafutana na kupigiana simu, daktari anasubiri huku na mgonjwa yuko kule. Mama alipona, namshukuru Mungu. Kilichonifanya nikae chini na kufikiri ni maneno ya mpwa wangu nilipomuuliza kulikoni. Aliniambia, “Mjomba, mimi nilisema vizuri kabisa. Hapakuwa na kelele hata kidogo.” Dada naye akaniambia, “Kaka, nilikuwa nasikia honi na wapiga debe, mwanangu nilimsikia kama yuko chini ya maji.”

Wote wawili walisema kweli. Na hapo ndipo penye mazungumzo yetu ya leo.

Habari ya masikio na kutosikilizana ina historia ndefu katika nchi ile. Mwezi Novemba 1861, Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Grant, walifika katika ufalme wa Karagwe, wakapokewa na Mfalme Rumanyika katika makao yake upande wa Bweranyange. Speke ameandika kwamba mfalme aliwasalimu kwa Kiswahili kizuri. Huyo Speke aliyekuwa akisalimiwa alikuwa na sikio bovu. Miaka mitatu nyuma, mwaka 1858, akiwa katika safari ya Ziwa Tanganyika, mende aina ya mdudu gamba aliingia sikioni mwake usiku, hemani. Alijaribu kumtoa kwa siagi iliyoyeyushwa, ikashindikana, akachukua kisu kidogo na kuchokoa. Mdudu alikufa, lakini sikio likaingia usaha, uso ukavimba, na kwa muda mrefu alikuwa kiziwi upande huo. Mwenyewe anaeleza kwamba alipopenga kamasi, sikio lilipiga mluzi. Ni mtu huyo aliyekaa Karagwe kwa majuma kadhaa akisikiliza habari za mito na maziwa kupitia kwa wakalimani, na baadaye Ulaya ikachora ramani kwa kutegemea, pamoja na mengine, alichosikia. Nataja jambo hili kwa sababu mara nyingi tunadhani ujumbe ukipotea kosa ni la msemaji.

Ngoma za mfalme zilizokuwa Bweranyange zilikuwa ni ala za utawala, lakini vilevile zilikuwa ni chombo cha mawasiliano. Waliozichonga walijua jambo ambalo mafundi wa simu walikuja kulijua baadaye sana: kwamba sauti nzito huenda mbali na hupita vizuizi, na sauti nyembamba huishia njiani. Ngoma kubwa ukiipiga kilimani, bondeni wanaipata. Kitu hiki tukiweke akilini, tutakihitaji.

Simu ilipoingia, iliingia na ufinyu wake. Waliobuni mtambo wa simu za mbali waliamua kwamba haina haja ya kusafirisha sauti yote ya binadamu. Walichukua kipande cha katikati, kuanzia mitetemo kama 300 kwa sekunde hadi 3,400, wakaacha kilichobaki. Kipimo hicho kimeendelea kutumika katika simu za kawaida mpaka leo. Kinatosha kumtambua anayesema na kuelewa habari kwa jumla. Lakini herufi kama S na F zina sehemu kubwa ya nguvu zake juu ya kipimo hicho, na H ni pumzi tu. Ndiyo maana katika simu sitini na tisini hugombana. Mtu anataja kiasi cha fedha, mwenzake anatuma kingine. Katika enzi hii ambapo fedha hutumwa kwa simu, na huduma hiyo imekuwapo Tanzania tangu mwaka 2008, kosa la sitini na tisini si la kuchekesha tena. Na Nyakahanga ukiinyang’anya ile pumzi ya katikati, inabaki hatua chache tu kufika Nyakaiga.

Wazee wanakumbuka simu za kupitia kwa opereta. Ulikwenda posta, ukaandikisha namba unayoitaka, ukakaa kwenye benchi. Ikipatikana, ulipiga kelele kiasi kwamba benchi zima lilijua kwamba mjomba wako amefilisika au kwamba binti ameposwa. Tulikuwa tukicheka kwamba fulani anaongea na Dar es Salaam kwa sauti ambayo ingefika bila simu. Lakini mfumo ule ulikuwa na kitu kimoja kizuri: opereta. Aliposikia hamwelewani, aliingilia na kurudia jina kwa niaba yenu. Na kwa misiba hatukutegemea simu kabisa. Tulitegemea matangazo ya vifo ya Redio Tanzania, ambayo yalisomwa taratibu, jina la marehemu, la mume au mke, la kijiji, la kila ndugu anayetakiwa kupata habari popote alipo. Kama hukusikia wewe, jirani alisikia akaja kukuambia.

Kisha kulikuwa na simu ya upepo, ile ambayo wengi waliiita redio kol. Misheni walikuwa nayo, hospitali walikuwa nayo, na mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipovuka kwa maelfu kuingia Ngara na Karagwe, magari ya mashirika ya misaada yalijaa antena ndefu zinazoyumba. Chombo kile kilikuwa na mngurumo na mikwaruzo isiyokwisha. Lakini waliokitumia walifundishwa adabu yake. Mmoja anasema, anamaliza kwa neno la kuonyesha amemaliza, mwenzake anarudia alichosikia, majina yanatajwa herufi moja moja. Kwa hiyo mizigo ya dawa na unga ilifika kambi iliyokusudiwa, ingawa sauti ilikuwa mbaya kuliko ya simu yoyote tunayoitumia sasa.

Tuje sasa kwenye hedifoni zenyewe, maana si kitu kipya kama wauza duka wanavyotaka tuamini.

Mjerumani Paul Lueg ndiye aliyepata hataza ya wazo lenyewe huko Marekani mwaka 1936. Wazo ni jepesi kulieleza. Sauti ni wimbi la hewa, hubana na kulegea, hubana na kulegea. Ukiweza kutengeneza wimbi la pili ambalo linalegea pale la kwanza linapobana, na kubana pale la kwanza linapolegea, mawimbi hayo yakikutana yatafutana na patabaki kimya. Ni kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja kutoka pande mbili kwa nguvu sawa, mlango hausogei. Lueg alikuwa na wazo, lakini vyombo vya wakati wake havikuwa na uwezo wa kulitekeleza vizuri. Mwaka 1953, Harry Olson na Everett May wa kampuni ya RCA ya Marekani walionyesha chombo cha kufyonza kelele kwa umeme, nacho kilifanya kazi katika eneo dogo tu karibu na kichwa.

Waliokuwa na haja kubwa ni marubani. Mwaka 1978 mhandisi Amar Bose alikuwa ndani ya ndege akitoka Zurich kurudi Marekani, akavaa hedifoni alizopewa na shirika la ndege, akaona muziki umemezwa na mngurumo wa injini. Inasimuliwa kwamba alianza kupiga hesabu zake papo hapo kitini. Mwaka 1986, ndege iitwayo Voyager ilipoizunguka dunia kwa siku tisa bila kutua, marubani wake Dick Rutan na Jeana Yeager walivaa hedifoni za majaribio za aina hiyo ili masikio yao yasiharibike. Mwaka 1989 zikaanza kuuzwa kwa marubani, na kuanzia mwaka 2000 kampuni ya Bose ikawauzia abiria na watu wa kawaida. Zilipounganishwa na simu za mkononi, tukafika hapa tulipo, ambapo kijana wa stendi amevaa chombo kilichobuniwa kwa ajili ya chumba cha rubani.

Na chumba cha rubani kina kelele ya aina yake. Ni mngurumo mzito, wa namna moja, usiobadilika kwa saa nyingi. Kelele kama hiyo ndiyo hedifoni hizi zinaiweza. Ndani yake mna maikrofoni ndogo inayosikiliza, na chipu inayotengeneza wimbi la kupinga. Mngurumo wa mitetemo 100 kwa sekunde una wimbi lenye urefu wa zaidi ya mita tatu. Kulipatia si kazi kubwa. Lakini sauti ya mitetemo 3,000 ina wimbi la sentimita kumi na moja hivi. Ukichelewa kidogo sana, au hedifoni ikiwa imekaa upande, badala ya kuifuta unaweza hata kuiongeza. Kwa hiyo juu ya mitetemo kama elfu moja kwa sekunde, kazi kubwa huachiwa mto wa hedifoni unaoziba sikio, kama ambavyo ungeziba kwa pamba. Waliochonga ngoma za Bweranyange wangeelewa.

Hebu tupime kelele za Karagwe na Kyerwa kwa kipimo hicho. Jenereta nyuma ya duka: inapungua sana. Injini ya mashine ya kukoboa kahawa: inapungua, lakini kahawa yenyewe inavyokwaruzana na chuma, hapana. Mnada, watu wanaitana, mbuzi wanalia, mwenye nguo anataja bei kwa kipaza sauti: hapo ahueni ni kidogo, maana sauti za watu hubadilika kila nukta na ziko katika kiwango kilekile cha maneno tunayotaka kuyasikia. Upepo juu ya pikipiki: hapa chombo huweza kudhuru, kwa sababu upepo ukiipiga maikrofoni ya nje, chipu hudhani ni kelele ya kupingwa, na mwenye kuvaa hupata mtikisiko masikioni ambao haukuwapo. Mvua juu ya paa la bati: hii ndiyo kelele kubwa ya nyumba zetu za kule, mchanganyiko wa sauti nzito na nyembamba kwa pamoja. Sehemu nzito itapungua, ule mchirizi mkali utabaki. Nimejaribu mwenyewe nikiwa nyumbani Nkwenda wakati wa masika. Ilikuwa kama mvua imehamia kwa jirani, lakini ilikuwa bado mvua.

Haya yote, hata hivyo, ni ya upande wa anayevaa. Kosa kubwa zaidi, lile lililompeleka mama yangu Nyakaiga, liko upande wa pili. Jina moja linauzwa kwa vitu viwili visivyofanana. Kuzima kelele zisiingie sikioni mwako ni kazi moja. Kuzima kelele zisiingie katika maikrofoni na kwenda kwa unayeongea naye ni kazi nyingine kabisa, yenye historia yake na mafundi wake. Hedifoni inaweza kuwa hodari katika ya kwanza na dhaifu katika ya pili. Muulize muuza duka wa Kariakoo tofauti hiyo; nimewauliza watatu, na wote walinivalisha nisikie kimya, kana kwamba hilo ni jibu.

Kazi ya pili ilianza zamani pia. Mwaka 1937, BBC ya Uingereza ilikuwa na maikrofoni ya kushikwa mdomoni, iliyobanwa chini ya pua, ili mtangazaji wa mpira asikike katikati ya maelfu wanaoshangilia. Siri yake ilikuwa ukaribu. Kelele kutoka mbali hugonga pande mbili za maikrofoni kwa nguvu karibu sawa na kufutana, lakini mdomo ulio karibu hugonga upande mmoja zaidi. Katika Vita Kuu ya Pili, marubani na wapiga mizinga walipewa vyombo vya jamii hiyo. Kanuni haijabadilika: maikrofoni ikae mdomoni. Sasa tazama hedifoni za vijana wetu. Kile kijiti cha zamani kilichofika mdomoni kimeondolewa kwa sababu ya urembo, na maikrofoni iko sikioni, sentimita nyingi kutoka inapotoka sauti, na karibu na kila kinachopita barabarani.

Kufidia umbali huo, watengenezaji wametumia hesabu. Kuanzia mwaka 2010 simu kadhaa kubwa, zikiwamo Nexus One na iPhone 4, zilipewa maikrofoni ya pili kwa kazi ya kulinganisha sauti ya karibu na ya mbali. Miaka ya karibuni kumekuja programu zilizofundishwa kwa saa nyingi za sauti za watu na za kelele, ili zibahatishe kipi ni maneno na kipi ni takataka. Nasema zibahatishe, kwa sababu ndivyo ilivyo. Programu ikikosea, hukata kipande cha neno na kukitupa pamoja na honi. Na kipande kinachofanana zaidi na kelele ni S, F, SH na H, kwa kuwa herufi hizo zenyewe ni mchakacho wa hewa. Maneno yanayotoka upande wa pili yanakuwa safi, lakini yamepungua. Kwa maoni yangu hii ni hatari kuliko mikwaruzo ya redio kol. Mikwaruzo inakuonya kwamba hujasikia. Sauti iliyosafishwa vibaya inakufanya uamini umesikia.

Kuna jambo jingine ambalo sikulijua mpaka kisa hiki kiliponilazimisha kusoma. Mwaka 1911 daktari mmoja wa masikio Mfaransa, Étienne Lombard, alieleza kwamba mtu akiwekewa kelele masikioni hupandisha sauti yake mwenyewe bila kukusudia, na kelele ikiondolewa hushusha. Hatuamui, mwili wenyewe hufanya. Ndiyo maana wale wa posta walipiga kelele. Mafundi wa simu za mezani walilitumia jambo hili vizuri: walipima kwa uangalifu ni kiasi gani mtu arudishiwe sauti yake mwenyewe sikioni, ili asipaaze kupita kiasi wala kunong’ona.

Sasa mvalishe mtu hedifoni ya kuzima kelele katikati ya stendi. Sikio lake linamwambia kuna utulivu. Anashusha sauti, anaongea kama yuko sebuleni. Lakini maikrofoni yake bado iko stendi. Inachukua sauti yake iliyopungua pamoja na honi zisizopungua, na kuvipeleka vyote Nkwenda. Kwa maana hiyo chombo kilichonunuliwa ili mazungumzo yawe bora kimeharibu mazungumzo kwa yule ambaye hakukinunua, na aliyekinunua hana njia ya kujua. Mpwa wangu hakuwa mzembe. Alidanganywa na masikio yake mwenyewe.

Mizigo mingine midogo inajilundika njiani. Hedifoni zisizo na waya, zile za Bluetooth, zina njia mbili: moja pana kwa ajili ya muziki na moja nyembamba kwa ajili ya maongezi. Mtu akipiga simu, hedifoni huhamia njia nyembamba, na wengi hushangaa kwa nini muziki ulikuwa mtamu na sasa sauti ni kama ya kwenye mtungi. Zipo sasa njia pana zaidi za maongezi, katika hedifoni na katika mitandao ya simu yenyewe, lakini ili zifanye kazi lazima pande zote mbili ziwe na vyombo vinavyozikubali. Dada yangu ana kitochi cha vibonyezo ambacho chaji yake hukaa siku nne, na hana nia ya kukibadilisha. Hata mpwa wangu angekuwa na hedifoni ya bei gani, mazungumzo yao yanapita katika tundu la kitochi.

Betri nayo ikiisha, uzimaji wa kelele unaisha. Na zile za bandia zinazoandikwa sandukuni kwamba zinazima kelele, huku ndani hamna lolote isipokuwa mpira wa kuziba sikio, sina haja ya kuzieleza, aliyenunua anajua.

Nisiwe mtu wa kulaumu tu. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2021, limesema watu wapatao bilioni 1.5 wana upungufu wa usikivu wa kiwango fulani, na kwamba vijana zaidi ya bilioni moja wamo hatarini kwa kusikiliza sauti kubwa mno. Mtu anayeweza kusikiliza muziki ndani ya basi kwa sauti ndogo, kwa sababu mngurumo umezimwa, analinda masikio yake. Hilo ni jema la kweli. Lakini kuna vijana wa mashine za nafaka wanaovaa hedifoni za muziki wakidhani wamejikinga, wakati kelele za mashine zile nyembamba na za ghafla, zinazokwangua, hazizimwi na chipu. Kinga ya kazini ni ile ya kuziba sikio kabisa, isiyo na muziki wala simu. Na dereva wa bodaboda aliyejizimia dunia masikioni, katika barabara yenye kona na malori ya ndizi, huyo sina la kumwambia ambalo mke wake hajamwambia.

Tuna walimu wa kutosha hapahapa katika jambo hili, nao ni watangazaji wa redio za jamii. FADECO, redio iliyoko Karagwe, na nyingine za aina yake, hupokea simu za wasikilizaji kutoka shambani, sokoni na juu ya pikipiki. Sentensi ambayo kila mtangazaji anaijua kwa moyo ni ile ya “tafadhali punguza sauti ya redio yako.” Mpiga simu akipunguza, mtangazaji humwomba ataje jina na mahali alipo, kisha yeye mwenyewe hurudia hewani: fulani, wa kijiji fulani, anasema hivi. Tunadhani anafanya hivyo kwa ajili ya kupamba kipindi. Anafanya kazi ya yule opereta wa posta, na ya yule wa redio kol.

Baada ya kisa kile, nilimwambia mpwa wangu mambo haya yote, kwa urefu kuliko nilivyoyaeleza hapa, naye alinisikiliza kwa heshima kama mjomba anavyostahili kusikilizwa. Hedifoni hajaziacha. Ila sasa akipiga nyumbani anazivua, anaweka simu mdomoni, na mama yake anamrudishia kila jina na kila tarakimu. Sitini humwambia “sita na sifuri.” Dada ameongeza la kwake: jina la mahali analitaja pamoja na kitu kilicho karibu, kanisa, mto, au duka la nani.

Jumapili iliyopita nilimpigia mimi mwenyewe kumjulia hali mama. Tulikuwa hatujafika mbali, mama anaanza kuniuliza habari za watoto, mvua ikashuka juu ya bati. Nikamsikia dada akisema kwa sauti ya juu, “Kaka, hapa hatusikilizani. Ikiisha nitakupigia,” akakata. Alipiga baada ya saa nzima na robo.